Mionzi ya siku chache siyo dozi ya kubana matumizi

Kuna malalamiko yanazunguka sana siku hizi kwenye familia zenye mgonjwa wa kansa ya matiti, yanaenda hivi: jirani yetu miaka ile alipigwa mionzi siku 25, wiki tano nzima, mama yetu kaambiwa siku 15 tu, na huko nje tunasikia kuna wanaopewa siku 5, sasa hiyo si ndo kuwapunguzia watu dozi kwa vile foleni imekuwa ndefu na bima haitaki kulipa? Watu wanaongea kwa uchungu na nawaelewa, maana tumeshazoea kwamba huduma ya umma ikipungua basi kuna mtu kaila. Ila kwenye hili tumeelewa vibaya, tena mara mbili. Kwanza, kupunguza siku siyo kupunguza tiba, kwa aina kadhaa za kansa ni hatua kubwa kuliko mashine nyingi tulizoona zikizinduliwa kwa utepe na ngoma. Pili, na hapa ndo nitakaa zaidi, siku zikipungua hatari haiishi, inahamia kwenye usahihi wa kile kinachotolewa kila siku, na usahihi ndo kitu ambacho hatukiulizi hospitali, hatukipigii kelele mitandaoni wala hatukioni kwenye hotuba za bajeti.

Tuanze na mionzi yenyewe kwanza, maana ugomvi wote unatokana na hesabu ya kujumlisha. Kipimo chake kinaitwa grei, na kwa miongo mingi kawaida ilikuwa mgonjwa anapewa grei 2 kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, hadi zifike 50 au zaidi. Sababu ya kugawa vidogovidogo ni kwamba seli nzima zinajitengeneza vizuri kati ya kikao na kikao, seli za kansa zinajitengeneza vibaya, kwa hiyo kila siku unayoongeza unazidi kutanua tofauti kati ya mgonjwa na ugonjwa wake. Hiyo ni kweli kwa kansa nyingi, hasa za kichwa na shingo. Lakini watafiti waligundua kwamba kansa ya matiti na ya tezi dume hazifuati mtindo huo vizuri, zenyewe zinaumia sana na ukubwa wa dozi ya siku moja, karibu sawa na zinavyoumia seli nzima au zaidi, ikimaanisha ukiongeza dozi ya kikao na ukashusha jumla unapata matokeo yaleyale bila kumuumiza mgonjwa zaidi. Kwa hiyo mtu anayechukua grei 26 za siku 5 akazilinganisha na 50 za siku 25 halafu akasema "mmetupa nusu" anajumlisha vitu ambavyo mwili haujumlishi hivyo. Grei moja iliyotolewa kwa mkupuo mkubwa inafanya kazi zaidi ya grei moja iliyokatwa vipande.

Na hii siyo nadharia ya ubaoni. Uingereza walifanya majaribio yaliyoitwa START wakaonyesha kwamba grei 40 kwa vikao 15 zinatosha kwa kansa ya matiti, hazizidiwi na 50 kwa vikao 25. Baadaye wakaenda mbali zaidi na jaribio la FAST-Forward, wagonjwa 4,096, matokeo ya miaka mitano yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2020: waliopewa grei 40 kwa siku 15, ugonjwa ulirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 2.1, waliopewa grei 26 kwa siku 5 asilimia 1.4. Kwa tezi dume jaribio la CHHiP lilishusha vikao kutoka 37 hadi 20, na mwaka 2024 jaribio la PACE-B likaonyesha kwamba kwa wanaume ambao kansa haijatoka nje ya tezi, vikao 5 vinashika ugonjwa sawa na kozi ndefu. Kwa maumivu ya kansa iliyoingia kwenye mifupa jambo hili ni la zamani zaidi, kikao kimoja tu cha grei 8 kinapunguza maumivu sawasawa na kozi ya siku nyingi, japo wanaohitaji kurudia baadaye ni wengi zaidi kwa upande wa kikao kimoja.

Sasa hoja kwamba hii ni tiba ya maskini, tunapewa sisi kwa sababu hatuna, hiyo kusema ukweli ndo dhaifu kuliko zote. Waliofanyiwa majaribio yale ya matiti ni Waingereza, na hospitali nyingi za kwao zilihamia siku 5 mwaka 2020 wakati wa korona ili watu wasirundikane hospitali, korona ikapita na wao hawakurudi nyuma. Tena ukifuatilia hela utakuta motisha iko kinyume kabisa na tunavyodhani. Pale hospitali inapolipwa kwa kikao, kozi ndefu ndo yenye faida, siku 25 ni malipo 25. NHIF, iliyokuwa bima ya afya ya taifa ya Kenya, ilikuwa inalipa mionzi kwa kikao, na Marekani wamehangaika na tatizo hilohilo kiasi kwamba serikali yao mwaka 2020 ilitunga mpango wa kulipa kozi nzima kwa bei moja badala ya kuhesabu vikao, mpango ukaahirishwa na kuahirishwa mpaka ukawekwa kabatini. Kwa hiyo ukiona daktari kwenye mfumo wa kulipwa kwa kikao anakuambia siku 15 zinakutosha, huyo anaikatia hospitali yake mapato. Mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na yule anayesema 25 bila kueleza kwa nini.

Halafu tuangalie siku 10 zikiondoka zinamaanisha nini kwa mtu halisi. Kwa muda mrefu Tanzania ilikuwa na sehemu moja tu ya mionzi, Ocean Road pale Dar es Salaam, baadaye ikaja Bugando Mwanza, lakini bado mama wa Kigoma au wa Mtwara safari yake ni ileile, basi au treni, kufikia kwa mtoto wa shemeji ambaye ana chumba na sebule na watoto wanne. Anakuja na mtu wa kumuangalia, kwa hiyo kule nyumbani wamepungua wawili shambani. Wiki tano kwa maisha hayo ni msimu wa kupanda umepita. Na kuna wanaokata kozi katikati, siyo kwamba wamepona au wamekata tamaa, ni kwamba hela ya kula imeisha au mwenyeji kaanza kununa. Sasa kozi ya siku 25 iliyoishia siku ya 16 ni tiba mbaya kuliko ya siku 15 iliyokamilika, hilo halina mjadala. Upande wa mashine nao ni hesabu tu: vikao 1,500 vinatibu watu 60 kwa kozi ya 25, watu 100 kwa kozi ya 15, watu 300 kwa kozi ya 5. Mashine ileile, umeme uleule, wafanyakazi walewale. Hakuna mkopo wa kununua mashine unaoweza kukupa ongezeko la namna hiyo kwa usiku mmoja.

Hapo wengi wanaoshabikia siku chache huwa wanaishia, wanapiga makofi na kufunga mjadala. Mimi naona ndo kwanza tunaanza. Kwenye lile jaribio la FAST-Forward kulikuwa na kundi la tatu ambalo halisemwi sana, hao walipewa grei 27 kwa siku 5. Yaani tofauti na kundi la 26 ni grei moja tu kwa kozi nzima, haifiki hata asilimia 4. Ugonjwa walidhibiti vizuri tu, lakini baada ya miaka mitano madhara ya wastani au makubwa kwenye titi na kifua, kukakamaa, kusinyaa, kuvimba, yalikuwa kwa asilimia 15.4 ya kundi la 27, wakati kundi la 26 yalikuwa asilimia 11.9 na kundi la siku 15 asilimia 9.9. Waliochambua wakasema 26 inalingana vya kutosha na siku 15, 27 hailingani. Tafakari hapo kidogo. Grei moja. Halafu jiulize hospitali yako ina uhakika gani kwamba inachokiita 26 siyo 27.

Swali hilo siyo la kutisha watu, lina historia. Mwaka 1996 hospitali moja ya San José, Costa Rica, ilibadilisha chanzo cha kobalti, ile madini inayotoa mionzi yenyewe, kwenye mashine yake. Kwenye kukokotoa nguvu ya chanzo kipya, dakika 0.3 ikachukuliwa kama sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Kosa la mtoto wa darasa la tano, lakini likaingia kwenye hesabu ya kila mgonjwa aliyelala kwenye ile meza, watu 115 wakapigwa dozi iliyozidi kwa zaidi ya nusu, na baadhi walikufa kwa mionzi yenyewe siyo kwa kansa. Mashine haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa inafanya kilekile ilichoambiwa, na waliokuwa wanaikagua hawakuwa na mtu wa pili wa kupitia hesabu zao. Ndo maana nasema ukininunulia mashine ya bilioni kadhaa usinipe mwanafizikia wa pili, yule anayekokotoa na kupima dozi, hujaninunulia usalama, umeninunulia kasi.

Dawa ya tatizo hilo ipo na ni rahisi kiasi cha kushangaza. Tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, kwa kushirikiana na WHO wanatuma kwa posta vipimo vidogo sana kwenye hospitali za mionzi duniani. Hospitali inaviweka kwenye mashine, inavipiga dozi ambayo wao wenyewe wanaamini ni sahihi, inavirudisha kwenye maabara iliyopo Seibersdorf karibu na Vienna, maabara inavisoma na kusema mlisema mmetoa kiasi hiki, kimefika kiasi hiki. Tofauti isizidi asilimia 5 mmepita. Mpango mzuri sana, umeshaokoa watu wengi bila wao kujua. Ila rudi kwenye grei 26 na 27: tofauti yao ni ndogo kuliko ile asilimia 5. Ina maana hospitali inaweza kufaulu ukaguzi wa posta na bado ikawa inawapa wagonjwa wa siku 5 dozi ambayo jaribio limeshasema imezidi. Kwa kozi ndefu ya grei 2 kwa siku tofauti kama hiyo ina nafasi ya kumezwa, na mgonjwa akilala vibaya siku moja kati ya 25 ni sehemu ya 25 ya tiba. Akilala vibaya siku moja kati ya 5, umeharibu moja ya tano. Hii ndo hoja nzito ya madaktari wanaosita, na wanaosita siyo wote wa kizamani, wengine wanajua mazingira yao vizuri kuliko sisi tunaoandika.

Wana hoja nyingine pia ambayo siwezi kuipita. Wanawake wengi wa FAST-Forward walikuwa na kansa iliyogunduliwa mapema, uvimbe umetolewa na titi limebaki. Wetu wengi wanafika hospitali uvimbe umeshatoboka, titi linaondolewa lote, na mitoki ya kwapani na juu ya mtulinga nayo inahitaji kupigwa. Siku 15 zimeshapimwa kwa hali nyingi na ushahidi wake umekomaa, siku 5 zinahitaji kuchagua mgonjwa. Na kansa ya mlango wa kizazi, ambayo ndo inayoua wanawake wengi kuliko kansa nyingine Tanzania, hiyo kufupisha vikao vya nje bado siyo kawaida, yenyewe kinachotakiwa ni tiba yote pamoja na ile ya ndani, chanzo cha mionzi kikiingizwa mwilini karibu na uvimbe, iishe kabla ya wiki 8 kupita, maana kila siku inayopita baada ya hapo inapunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa. Kwa hiyo anayesema "kila mtu apewe siku 5 foleni iishe" naye ni hatari kama yule anayedai 25.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kinachukuliwa kama anasa, raha ya mgonjwa. Ukisoma mipango ya wizara utakuta usahihi uko kwenye ukurasa wa vifaa, na raha ya mgonjwa iko kule mwisho kwenye "huduma bora kwa mteja" pamoja na rangi za ukuta na tabasamu la mapokezi. Kwenye mionzi hivi ni kitu kimoja. Mgonjwa anayeumia anasogea, na mgonjwa anayesogea anapigwa pasipo pake. Chukua mgonjwa wa mlango wa kizazi au wa tezi dume: anaambiwa akojoe, anywe maji nusu lita hivi, asubiri kibofu kijae ndo aingie, kwa sababu kibofu kilichojaa kinasukuma utumbo utoke kwenye njia ya mionzi, na mpango wake ulipangwa kwa picha iliyopigwa kibofu kikiwa hivyohivyo. Nimeshakaa kwenye benchi la kusubiria na ndugu yangu, kila mtu ana chupa yake ya maji, na hakuna anayejua ataitwa saa ngapi. Mashine ikasimama, fundi akaitwa, wamama wamebana mpaka machozi yanawatoka, mmoja akashindwa akaenda chooni, akarudi akanywa mengine harakaharaka, akaitwa kabla hayajashuka. Kibofu chake siku hiyo hakikufanana na cha kwenye picha hata kidogo. Hiyo foleni siyo usumbufu tu, imeingia mpaka kwenye dozi. Kuwapa wagonjwa saa zao kamili, na kuwaambia mapema kwamba mashine imegoma wasinywe kwanza, hakuhitaji mkopo wa nje.

Mfano mwingine ni barakoa ya wagonjwa wa kichwa na shingo. Ni plastiki yenye matundu, inalowekwa kwenye maji ya moto inalainika kama chapati, inavutwa juu ya uso inashika umbo halafu inafungwa kwenye meza ili mtu asigeuke hata milimita chache. Kuna watu wanapata hofu kali humo ndani, wanahema haraka, mabega yanapanda. Mtaalamu akitumia dakika chache siku ya kwanza kueleza, kumpa alama ya kuonyesha kwa mkono akizidiwa, mgonjwa analegea na shingo inakaa ilipotakiwa kukaa. Na baada ya wiki kadhaa mgonjwa akikonda kwa kushindwa kumeza barakoa inapwaya, hapo inatakiwa itengenezwe upya na mpango upigwe upya, mwenye plastiki zilizohesabiwa stoo atakuambia hiyohiyo itatosha. Kwa titi la kushoto kuna mbinu ya kubana pumzi kwa sekunde kama 20, mapafu yanajaa na moyo unasogea mbali na ukuta wa kifua wakati mionzi inapita. Utafiti uliotoka 2013 kwenye New England Journal of Medicine ulionyesha kila grei moja ya wastani inayofika kwenye moyo inaongeza hatari ya matatizo ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Kumfundisha mama kubana pumzi ni mazoezi ya nusu saa, siyo mashine.

Na hizi programu za akili bandia zinazochora viungo kwenye picha ya CT kabla ya kupanga mionzi, ni nzuri, zinaokoa saa nyingi za daktari, lakini mchoro lazima apitie mtu. Sina zaidi la kusema hapo.

Najua kuna wanaoniambia ndugu yangu wewe unaongelea milimita wakati kuna nchi zaidi ya 20 Afrika hazina hata mashine moja, tupeni mashine kwanza usahihi utakuja. Hoja ina uzito, siwezi kubishana na mtu ambaye nchi yake haina kitu. Lakini angalia Uganda. Mashine yao ya kobalti ya Mulago, ambayo ndo ilikuwa tegemeo la nchi nzima tangu 1995, iliharibika Machi 2016 na mpya ikaanza kazi mwishoni mwa 2017, katikati hapo wagonjwa wakawa wanatafuta namna ya kuvuka kwenda Nairobi. Mashine ile haikufa ghafla. Kobalti inapoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 5 na kidogo, takribani asilimia 1 kila mwezi, kwa hiyo chanzo kisipobadilishwa mgonjwa aliyekuwa analala dakika 2 analala 4, halafu zaidi, anachoka, anasogea, foleni inarefuka, na yote hayo yanajulikana tarehe zake tangu siku ya kununua. LINAC, yaani mashine zinazotengeneza mionzi kwa umeme, nazo hazina kobalti ya kuchoka lakini zinataka umeme usioyumba, ubaridi, vipuri na mkataba wa matengenezo ambao bei yake inalipwa kila mwaka wakati wapiga picha wameshaondoka. Hoja ya "mashine kwanza" ingekuwa na nguvu kama kweli usahihi ungekuwa unakuja wa pili. Kwa tunavyoona, baada ya mashine ya kwanza huwa inakuja mashine ya pili.

Kwa hiyo kwa upande wa sera naona mambo yanaenda kwa mpangilio ambao hatujauzoea. Bima na serikali zilipe kozi nzima badala ya kikao, ili daktari asiadhibiwe kwa kuchagua siku 15 wala asishawishike kuongeza. Hospitali isiruhusiwe kuanza siku 5 mpaka ionyeshe vitu vinavyopimika: wanafizikia wawili wanaokaguana, mashine inapimwa kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, picha inapigwa mgonjwa akiwa juu ya meza kabla ya kila kikao kuhakikisha kalala sawa, na ukaguzi wa nje wenye kiwango kikali kuliko ile asilimia 5 kwa mashine zinazotumika kwa kozi fupi. Nafasi za wanafizikia tiba ziwekwe kwenye ikama kabla ya kutangaza tenda ya mashine, kwa sababu kumsomesha mmoja mpaka aweze kusimama peke yake ni miaka, na mashine inafika bandarini kwa miezi.

Na matokeo ya ukaguzi wa dozi yatangazwe. Tunabandika ukutani bei ya kufungua faili, tunabandika namba ya kuripoti rushwa, hakuna sababu mgonjwa asione pale mapokezi kwamba mashine namba 2 ilipimwa mara ya mwisho tarehe fulani na ikakutwa imepishana kwa asilimia kadhaa. Hapo ndo yule ndugu aliyekuja juu kudai siku 25 atakuwa na kitu cha maana cha kugombania.